KiCad ama Altium? Jinsi ya kuchagua programu ya kuchora bodi ukianza kazi za kulipwa

Swali hili limenichosha lakini haliishi. Kijana amemaliza kozi yake, amepata kazi ya kwanza ya kuchora bodi ya saketi (PCB), labda kontrola ya tangi la hoteli huko Watamu ama ya mashine ya barafu ya wavuvi Lamu, na kabla hata hajauliza mteja anataka nini ashaanza kunitumia meseji: fundi, nianze na KiCad ya bure ama nitafute Altium ya kulipia? Mwengine ashatafuta kabisa, ameshusha kreki, yaani nakala ya wizi iliyovunjwa leseni, kwa bando la usiku na sasa laptopu inafungua matangazo yenyewe.

Nimeamua kuandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii. Msimamo wangu mwausikia mapema: programu haichaguliwi na wewe, inachaguliwa na yule utakayemkabidhi faili. Kama hana masharti, anza na KiCad na usipoteze usingizi. Kama ana masharti, masharti yake ndo yanalipiwa, na yanalipiwa na yeye sio mfuko wako. Hayo mengine yote ni maelezo tu, sasa tuyapitie polepole.

Vitu uwe navyo kabla hujaanza

- Laptopu ya 64-biti. RAM ya 8 GB inatosha bodi nyingi za kawaida, ukiwa na 4 GB utafanya lakini ukifungua picha ya 3D utaenda kunywa kahawa urudi.
- Mausi ya kweli yenye gurudumu. Usichore bodi na kidole kwenye padi, utaumia mkono na utachukia kazi.
- Kalipa ya dijitali ya kupimia vifaa.
- Printa, ama jamaa wa saiba atakayekuprintia bila kupunguza saizi.
- Masharti ya kiwanda utakachotumia: upana mdogo kabisa wa njia ya shaba, nafasi ndogo kabisa kati ya njia, na saizi ndogo ya tundu. Yako kwenye tovuti yao, yasome.
- Saketi moja unayoijua vizuri, ushaijenga kwa vero bodi, ile ya matundu ya kujaribia, na inafanya kazi. Hii ndio tutaitumia kujaribu.
- Mahali pa kuhifadhi nakala nje ya laptopu, maana stima huku mwaijua.

Hatua

1. Muulize mteja atapokea nini mwisho wa kazi

Hapa ndipo watu wengi wanaruka na hapa ndipo hasara iko. Kuna wateja wa aina tatu hivi. Wa kwanza anataka bodi tu, imefika, imefungwa, taa inawaka, faili hajui hata ni kitu gani. Huyu mchoree na chochote. Wa pili anataka faili za kiwandani, yaani Gerber (michoro ya kila tabaka la bodi), faili ya matundu na orodha ya vifaa, ili kesho akiagiza tena asikutafute. Huyu pia hajali ulitumia nini, Gerber ni Gerber, kiwanda hakiulizi umechora kwa programu ya bure ama ya mamilioni.

Wa tatu ndo wa kuangalia. Huyu anataka faili asilia za mchoro ili mainjinia wake waendelee nazo. Mara nyingi ni kampuni ya Nairobi ama shirika la nje, mfano wanataka vipima chumvi vya kuweka kwenye visima vya Shela na wana timu yao huko kwao. Timu hiyo tayari iko kwenye programu fulani. Kama ni Altium basi watakuambia Altium, na ukiwapelekea KiCad watakurudishia kazi yote. Ukipata kazi ya watu wa satelaiti pale Ngomeni, walikorusha satelaiti ya Uhuru mwaka 1970, usinipigie mimi, watakuambia wenyewe mpaka saizi ya herufi.

Kwa hiyo andika swali hili kwa meseji, mpate jibu la maandishi: "Mwataka faili asilia ama za kiwandani tu? Kama asilia, programu gani na toleo namba ngapi?" Toleo ni muhimu kama programu yenyewe, tutaona mbele.

2. Soma leseni kabla hujasoma kitu kingine

Bure kuna bure tofauti na hapa vijana wanachanganya sana.

KiCad ni programu huria kweli. Ilianzishwa mwaka 1992 na mwalimu mmoja wa Ufaransa, Jean-Pierre Charras, alafu miaka ya baadaye CERN, wale wa utafiti wa chembe kule Geneva, wakatia mkono na ikakua sana. Leseni yake ni GPL, leseni ya programu huria, unaitumia kwa kazi ya pesa bila kumuomba mtu, haina kikomo cha saizi ya bodi, na leya (tabaka) za shaba zinafika 32. Alafu toa ile hofu ya kwamba ukichora kwa programu huria lazima na bodi yako iwe huria. Sio hivo. Leseni inahusu programu, mchoro ni wako, na hata maktaba ya vifaa vyake imewekewa kifungu maalum kinachokuruhusu kutumia kwenye bodi ya siri.

EasyEDA ni ya bure lakini sio huria, iko upande mmoja na JLCPCB (kiwanda cha bodi) na LCSC (duka la vifaa) za China, na ndio maana vifaa vyake vinakuja na namba za kuagizia kabisa. Kwa bodi ya haraka ambayo itafungwa vifaa huko huko kiwandani ni tamu, sikatai. Lakini jua uko kwenye duka la mtu.

Leseni ya mwanafunzi, iwe ya Altium ama ya Autodesk, ni ya kusomea. Kazi ya kulipwa hairuhusiwi. Fusion ya Autodesk ya matumizi binafsi nayo ni vivyo hivyo, tena inakubana kwenye leya 2 na eneo la sentimita za mraba 80. Proteus ambayo wengi mmefunzwa chuoni ni nzuri kuigiza microkontrola kabla hujashika solda, ila nakala uliyopewa na rafiki kwenye flashi sio yako, na mteja ukimpa faili ya Proteus mara nyingi hana wa kuifungua.

ONYO: kreki usiguse. Achana na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ambayo inalinda programu za kompyuta pia, fikiria biashara tu. Faili ya kreki unaiendesha na ulinzi wa laptopu umeuzima, kwenye mashine hiyo hiyo unayotumia kwa benki na M-Pesa ya biashara. Na programu nyingi za kulipia zinaongea na kwao zikiona intaneti. Mteja wa nje akijua umemchorea kwa nakala ya wizi, shida inakuwa yake pia, na hatakuita tena.

3. Andika bodi yako inahitaji nini kweli, sio unachotamani

Chukua karatasi. Leya ngapi? Kuna mawimbi ya kasi, mfano memori ya DDR ama HDMI? Ni bodi ya kukunjwa? Mnachora watu wangapi kwa wakati mmoja?

Kontrola ya tangi, chaja ya sola, taa za boti, taima ya pampu, kigeuzi kidogo, hizi zote ni leya 2, mara moja moja 4. KiCad inazibeba bila kutoa jasho. Hata njia za jozi za USB na Ethernet na kurekebisha urefu wa njia, inafanya. Altium inaanza kujilipa ukifika kwenye bodi za kukunjwa zilizoungana na ngumu, mradi wenye bodi nyingi zinazoingiliana, sheria nyingi nyingi za nafasi, na ofisi yenye watu wa kuidhinisha kila toleo. Juu zaidi kuna za Cadence na Siemens, hizo ni za kampuni zenye ghorofa. Ukiona orodha yako ina rilei mbili na transista na chipu moja alafu unatafuta Altium, hapo hutafuti programu, unatafuta heshima.

4. Piga hesabu ya mwaka, sio ya siku ya kununua

Altium na wenzake ni maelfu ya dola kwa mwaka, na dola mwaijua tabia yake na shilingi. Gawanya bei hiyo kwa kazi unazotarajia kupata mwaka huo. Kama sehemu inayobaki kwa kila kazi ni kubwa kuliko faida yako, jibu ushapata. Ongeza bando, maana baadhi ya leseni zinataka kuingia mtandaoni kujithibitisha, na ukiwa Faza ama Kiunga mtandao hauko hivo. KiCad ikishaingia kwenye laptopu haikudai chochote.

Huria nayo ina gharama, tusidanganyane. Gharama yake ni muda. Hakuna namba ya kupiga ukikwama usiku, utatafuta mwenyewe, utachora futiprinti (alama za miguu ya kifaa kwenye bodi) mwenyewe. Kwenye ya kulipia unalipa pesa kupunguza muda huo. Kama mteja wako analipa vizuri na ana haraka, hesabu inaweza kugeuka.

Na usidhani pesa inanunua uhakika. Eagle, programu nyengine ya kuchora bodi, ilikuwepo tangu 1988, ikanunuliwa na Autodesk 2016, na 2023 wakatangaza kwamba inafungwa tarehe 7 Juni 2026. Watu walikuwa wamejenga maktaba za miaka ndani yake, hata faili za Arduino Uno zilitolewa kwa Eagle. Kilichowasaidia wengi ni kwamba KiCad inafungua faili za Eagle.

5. Chora bodi moja nzima, mwanzo mpaka Gerber

Usichague kwa kutazama video. Chukua ile saketi unayoijua, uichore kwenye programu mbili ulizobakisha baada ya hatua ya 1 mpaka 4. Mfano wangu ni kontrola ya tangi: swichi mbili za kuelea, transista, rilei ya kuwasha pampu, usambazaji wa umeme mdogo, na terminali za skrubu.

a) Chora skematiki, yaani mchoro wa saketi, endesha ukaguzi wa umeme, yaani ERC. Angalia programu inakuambiaje ukiacha pini inaning'inia.

b) Gawa nyaya kwa makundi. Upande wa 240 V kundi lake, upande wa 5 V kundi lake, kila kundi na nafasi yake na upana wake. Mimi kati ya pande hizo mbili sishuki chini ya milimita 6, na katikati ya bodi chini ya rilei nakata mfereji, kwa sababu huku kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, uchafu ukikaa juu ya bodi umeme unajitafutia njia. Programu ambayo haikupi njia rahisi ya kuweka sheria hii, itoe.

c) Upana wa njia usikisie. KiCad ina kikokotoo ndani yake. Shaba ya kawaida ya mikroni 35, amperi 10, ukiruhusu joto lipande digrii 10 tu, utapata kama milimita 7. Vijana wanaweka milimita 1 wakidhani rilei imeandikwa 10A basi imejipeleka yenyewe.

d) Printa bodi kwa saizi halisi, yaani 1:1, kwenye karatasi. Weka karatasi juu ya sponji, chukua rilei yenyewe uliyonunua, penyeza miguu kwenye alama. Ikiingia bila kupinda, sawa. Ikikataa, futiprinti ni ya rilei nyengine, hata kama jina limefanana herufi kwa herufi. Rilei za bei nafuu zinafanana sura lakini mguu wa katikati unaweza kuhama kidogo, na hicho kidogo ndicho kitakachokufanya utupe bodi zote zilizotoka China. Terminali pia zipime, kuna za hatua ya milimita 5.00 na za 5.08, kwa nguzo mbili hutajua, kwa nguzo nane hazikai.

e) Endesha DRC, yaani ukaguzi wa sheria za bodi, toa Gerber na faili ya matundu, alafu zifungue kwenye programu NYENGINE ya kuangalia Gerber, sio ile iliyozitoa. KiCad inakuja na GerbView, hata mtu wa Altium anaweza kuitumia kwa hili. Angalia maandishi hayajageuka, matundu yapo, mzingo wa bodi upo.

Ukimaliza hapo utajua mwenyewe ipi inakufaa, mimi sina haja ya kukuambia. Inayokubana kwenye (b) na (d) ndiyo ya kuacha, hata kama ina sura nzuri.

6. Fungua kazi ya zamani ya mtu mwengine

Omba mteja faili yake moja ya zamani ama chukua mradi wa wazi mtandaoni. KiCad kuanzia toleo la 6 inafungua za Altium, toleo la 8 likaongeza za EasyEDA. Kufungua sio kufungua safi lakini. Angalia maeneo ya shaba, sheria za nafasi, fonti, na vifaa vilivyohama. Mimi kwa kazi ya kurekebisha kitu kidogo naingiza, kwa kazi ya kuendelezwa miaka naona heri kuchora upya kuliko kuishi na mchoro ulioingizwa nusu nusu.

7. Ukishachagua, funga toleo

Mradi ukianza kwa KiCad 8 uishie kwa 8. Faili ikishasevuliwa kwenye toleo jipya, la zamani haliifungui tena, na hakuna sehemu ya kusevu kurudi nyuma. Usiapdeti katikati ya kazi eti kuna kitufe kipya. Faili za KiCad ni maandishi matupu, kwa hiyo ukijua Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, weka huko utaona kila badiliko, na kama hujui, folda yenye tarehe kila jioni pia ni kitu.

Kila ukiagiza bodi hifadhi pamoja: faili asilia, maktaba ulizotumia, Gerber na matundu, orodha ya vifaa, faili ya nafasi za vifaa, PDF ya skematiki, na STEP (faili ya umbo la 3D) kama kuna kasha. PDF hasa. Programu inaweza kufa, leseni inaweza kuisha, PDF itafunguka kwa simu ya yeyote.

8. Weka kwenye makubaliano

Andika: programu na toleo, faili zitakazokabidhiwa, na kama mteja anataka programu ya kulipia basi leseni ananunua nani na inabaki kwa nani kazi ikiisha. Mistari mitatu inatosha. Mteja akisema "Altium lazima", unamwambia sawa, na bei ya leseni iko kwenye kotesheni. Wengi hapo hapo lazima inageuka kuwa "hata Gerber tu si mbaya".

Yakienda kombo

ERC inalalamika pini ya umeme haisukumwi na kitu, na mchoro uko sawa. Hii kila anayeanza KiCad anaipata. Programu haijui umeme unaingia kupitia terminali. Weka alama ya PWR_FLAG kwenye waya wa umeme na wa graundi, imekwisha.

Kiwanda kimerudisha, kinasema hakuna mzingo. Ama hukuchora kwenye leya ya Edge.Cuts, ama mistari haikutani pembeni. DRC itakuonyesha pengo liko wapi. Wakisema hakuna matundu, uliwatumia Gerber peke yake ukasahau faili ya matundu.

Laptopu inakwama ama skrini inakuwa nyeusi ndani ya KiCad. Mara nyingi ni kadi ya grafiki ya zamani. Kwenye mipangilio badilisha grafiki kutoka ya kasi kwenda ile ya akiba. Itakuwa nzito kidogo lakini itafanya.

Umeingiza faili ya Altium na shaba imepotea. Bonyeza B ijazwe upya, alafu endesha DRC. Ikibaki na makosa mia, rudi uangalie sheria za nafasi kwanza kabla hujaanza kusogeza njia kwa mkono.

Mteja hawezi kufungua faili yako. Muulize toleo. Kama lake ni la chini, rahisi zaidi ni yeye kupandisha, KiCad ni bure. Kama ni Altium na upandishaji una pesa, ndio maana tuliuliza toleo kwenye hatua ya 1.

Umeshusha futiprinti mtandaoni na kifaa hakikai. Usibishane nayo. Fungua karatasi ya data ya kifaa, shika kalipa, chora mwenyewe, iweke kwenye maktaba yako na uandike tarehe uliyoipima.

Leseni ya kulipia imekwisha na mteja wa zamani anataka kubadilisha rezista moja. Kwanza usilipe mwaka mzima kwa rezista moja. Jaribu kuifungua kwa KiCad, na kama thamani tu ndo inabadilika wala saizi haibadiliki, Gerber hazihitaji kuguswa kabisa: rekebisha orodha ya vifaa, andika kalamu kwenye PDF, mtumie.